Ukuta wa Sentimita Kumi

Jumatatu, 3 Machi

Kazi ya mwisho imetoka. Hakuna hoteli, hakuna mgahawa. Na mimi nilikuwa nimeshaanza kuchora mgahawa kichwani, na taa za kuning'inia juu! Mwalimu wetu – tunamwita Milimita, kwa sababu haachi hata moja impite – anataka nyumba ya kweli yenye watu wa kweli. Wateja wawili. Tupime, tuwahoji, halafu tupange upya ndani bila kutoka nje ya kuta zilizopo. Mwisho tusimame mbele ya jopo. Nusu ya maksi za mwaka mzima.

Nikianguka narudia mwaka. Nani nyumbani ataelewa mtu anayerudia mwaka wa kupanga masofa?

Nitawachukua baba na mama. Wako karibu, hawana presha, hawawezi kunikatalia. Natoka bweni wiki hizi, nitalala nyumbani. Mkia – rafiki yangu, ameitwa hivyo kwa kuwa daima ndiye wa mwisho kukabidhi kazi – amempata daktari wa meno mwenye ghorofa. Roho imeniuma kidogo.

Jumamosi, 8 Machi

Nimepima nyumba nzima. Mama alishika ncha ya tepu mpaka akachoka. Baba alikuwa akipita na kuniita injinia. Jirani wakimuuliza nasoma nini, huwaambia "injinia wa mapazia". Nilishaacha kumsahihisha.

Milimita ana amri: chora kilichopo, si unachokijua. Basi nikachora kila kitu, hata viatu vilipo. Nyuma ya sofa kuna mto, shuka na blanketi, vimekunjwa vizuri. Vya baba. Baba hulala sebuleni kwa sababu ya mgongo, ndivyo tunavyosema siku zote. Leo nimesimama pale na penseli nikajiuliza: nani mwenye mgongo mbovu akaenda kulala kwenye sofa?

Jikoni: mabirika mawili. Makopo mawili ya sukari. Sponji mbili za vyombo, moja huku, moja kule. Nimeviona miaka yote. Kwenye karatasi vimekaa vibaya sana.

Jumapili, 9 Machi

Nimewahoji. Mmoja mmoja, kama Milimita anavyotaka. Anasema wateja wakiwa pamoja wanadanganyana kwa adabu.

Mama alikuwa chumbani anakunja nguo. Nikamuuliza meza anataka ya watu wangapi. Mmoja, akasema. Nikacheka. Yeye hakucheka. Wewe ukija, wawili. Anataka kitanda kidogo karibu na dirisha. Jiko lake mwenyewe, hata likiwa dogo kama kabati. Na mlango wenye ufunguo. Ufunguo wa nini mama, nani atakuibia? "Siibiwi. Nataka tu anayeingia awe amegonga."

Baba alikuwa uani amefungua feni, parafujo zote chini. Yeye anataka mlango unaotoka nje moja kwa moja, na bafu lake, asiwe anapitapita pale. Pale wapi? "Pale anapokaa mama yako." Halafu haraka haraka, kama mtu aliyevunja kikombe: mama yako mtu mzuri sana, usije ukafikiri vingine. Ila nikiingia, anatoka. Nikikaa, anakumbuka kitu jikoni. "Mtu unajiona kama moshi."

Nikarudi kwa mama. Nikamuuliza, si kama mwanafunzi sasa. "Tumechokana, mwanangu. Hakuna aliyekosa." Alisema kama anayesema sukari imeisha.

Jioni akaniambia: mwambie baba yako chakula tayari. Baba alikuwa hatua tatu kutoka pale! Na mimi nikamwambia. Tangu nikiwa mdogo namwambia, na yeye ananituma nimwambie mama asante. Niliona ni mchezo wao.

Nimelia bafuni, maji nimeyafungua.

Jumanne, 11 Machi

Najua cha kufanya. Kubomoa! Ukuta wa kati ya jiko na sebule utoke wote. Meza moja ndefu katikati, dirisha kubwa juu yake, birika moja. Kila njia ndani ya nyumba itapita kwenye ile meza. Watakutana watake wasitake. Nimechora tangu asubuhi, sijasikia hata njaa. Hii ndiyo kazi niliyoisomea. Watu wanakaa kama nyumba ilivyowakalisha, na hawa nyumba imewakalisha vibaya, basi.

Ijumaa, 14 Machi

Milimita aliangalia michoro yangu muda mrefu. Kwa kawaida mkono wake unakwenda kwenye rula yake ya mfukoni. Leo haukwenda.

Akauliza, hii meza nani ameiomba? Nikasema inaboresha mawasiliano. Akauliza tena, nani ameiomba? Hajui ni wazazi wangu, nimewaandika Mteja A na Mteja B. Akasoma mahojiano yangu kwa sauti: meza ya mtu mmoja, mlango wa nje, ufunguo. Halafu akanigeukia. "Wateja wako wamesema wazi kabisa. Wewe hukuwasikia, au hukupenda ulichosikia?"

Nilitaka kumrushia rula yake.

Mkia akanifuata nje kunibembeleza. Eti bora wangu wanajua wanachotaka, daktari wake wa meno anataka kila kitu kiwe cheupe, mpaka zulia. Nilicheka. Halafu nikajichukia kwa kucheka. Nimepewa mpaka mwisho wa mwezi kurudia yote. Nisiporudia, sina maksi.

Jumapili, 16 Machi

Sijachora kitu. Mama amepita, ameniachia chai. Baada ya muda baba naye amepita na chai. Hakuna anayejua kuhusu ya mwenzake. Ya pili nimeimwaga polepole dirishani, asinisikie.

Jumanne, 18 Machi

Nimeipata. Inaniuma kuandika hivi, lakini nimeipata!

Nimefuata dawa ya Milimita: futa majina. Usiandike chumba cha fulani, andika Chumba 1, Chumba 2, Chumba 3, ili jicho lione nafasi lisione kumbukumbu. Nikafuta. Na kweli, nyumba ikanyamaza. Ikabaki kuta na madirisha.

Ukuta mmoja tu. Wa jipsamu, unene sentimita kumi, kutoka mbele ya nyumba mpaka nyuma. Unapinda mara moja katikati ili kila upande upate jua – la asubuhi kwa A, la jioni kwa B. Ndani yake pamba ya kuzuia sauti. Mtu anaweza kukohoa bila kumhamisha mwenzake. Hakuna anayepata kidogo, hakuna anayepita kwa mwingine. Chumba 3 kilinisumbua siku nzima, kila nikigusa kinaziba njia, mpaka nilipokikata katikati: jiko la A huku, bafu la B kule, mabomba yote kwenye ukuta mmoja. Kila kitu kikaingia mahali pake. Nilijipigia makofi peke yangu!

Ni kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nimejiona mshenzi.

Jumatano, 26 Machi

Modeli. Kadibodi, gundi, kisu. Nimejikata kidole, damu kidogo kwenye paa, nimeigeuzia ndani. Nimetengeneza hata viti. Vitanda viwili, vidogo kama vibiriti. Nilipoingiza ule ukuta katikati ulikaa bila gundi. Nilitamani ukatae.

Ijumaa, 28 Machi

Maonyesho.

Jopo watu watatu. Mama mmoja mwenye miwani mizito aliinama mpaka pua ikakaribia kuingia sebuleni, akasema ameona kuta nyingi, huu ndio wa kwanza kuuona wenye huruma. Milimita alipima modeli yote. Yote! Akarudisha rula mfukoni, akanipa mkono. Nimepasi. Nimepasi vizuri mno.

Na wazazi wakaja. Baba na koti lake la harusi za watu, mama na viatu vinavyombana. Hakuna aliyewaambia wasimame wapi. Mama akasimama upande wa A, baba upande wa B. Baba akaingiza kidole kwenye kile kimlango cha nje. "Utakivunja!" Ni mama aliyesema – na alimwambia yeye, si mimi! Baba akasema mbona jiko lako limekula bafu langu. Mama akajibu, kwani wewe unaoga mara ngapi?

Wakacheka. Wote wawili, kwa sauti, watu wakageuka. Sikumbuki mara ya mwisho.

Nilisimama pale na karatasi ya maksi mkononi na tumaini limenijaa mpaka kooni. Labda wameuona ukuta wakaogopa. Labda leo njiani watasema, sisi ni wajinga kiasi gani. Mkia akaniambia wazazi wako wanapendana kweli.

Jumapili, 30 Machi

Hawakuogopa.

Asubuhi nimewakuta meza moja, michoro yangu katikati ya vikombe. Wanaongea. Wenyewe kwa wenyewe! Mlango ufunguke ndani au nje. Rangi gani. Baba anataka ya maziwa, mama anasema ya maziwa inachafuka upesi na wewe mikono yako ya grisi. Akammiminia chai bila kuulizwa.

Nikasema, ile ilikuwa kazi ya shule. Baba akashangaa: injinia mzima unaikimbia kazi yako? Mama akasema fundi anakuja Jumamosi, wameshaongea naye.

Nikashindwa kujizuia. Nikawaambia, kama mnaweza kuongea hivi, si muongee tu, ukuta wa nini? Wakatazamana. Ni mama aliyenijibu, na alinishika mkono. "Tunaongea kwa sababu ukuta unakuja."

Baba akaitikia kwa kichwa. Walikubaliana kabisa. Nimekasirika mpaka sasa, na sina wa kumkasirikia.

Jumamosi, 5 Aprili

Fundi amekuja mapema. Mbao za jipsamu zimeegemezwa barazani. Ameusifu mchoro, amesema wengi humletea picha za kwenye simu. Mama amempa chai. Baba amempa chai. Amekunywa zote mbili, mtu mstaarabu.

Akaanza kuvuta uzi wa chaki sakafuni. Anauvuta, anauachia, pa! – mstari wa buluu. Sebule pa! Kwenye kona ukapinda, kama nilivyochora. Baba na mama wakimfuata nyuma, wamefurahi kama watu wanaohamia nyumba mpya. Ndiyo, wanahamia. Mimi nyuma yao.

Korido, pa! Halafu akafungua mlango wa chumba changu, akasimama. Akaangalia mchoro, akaangalia ndani. Akauliza, kwa upole kabisa: "Na hiki kitanda kinakwenda wapi?"

Chumba 3.

Kitanda changu. Rafu yangu, viatu vyangu, michoro ya mwaka wa kwanza ukutani. Nilikipima mwenyewe! Nilikichora kitanda, nikakifuta na majina mengine yote, na sikukirudisha. Wateja walikuwa wawili. Milimita na rula yake hakukiona. Jopo halikukiona. Baba na mama walisimama mbele ya ile modeli, wakahesabu milango, wakagombea bafu – nao hawakuona.

Nilimwona mama anaweka mkono mdomoni. "Atalala kwangu," akasema. "Kwangu kuna nafasi," akasema baba. Walisema kwa pamoja. Halafu yale yao ya zamani, nayajua. Mama akakumbuka kitu jikoni. Baba akatoka uani. Fundi akabaki anaangalia dari.

Nikachukua mchoro na tepu, nikamwambia nipe dakika, nipime. Nimefunga mlango. Naandika nikiwa juu ya kitanda chenyewe.

Futi tatu na nusu kwa sita. Upande wa mama kinaingia nikiitoa ile meza yake ya mtu mmoja. Upande wa baba kinaingia, ila mlango wake wa nje hautafunguka zaidi ya nusu. Nikisogeza ukuta kwa mama, jiko linakufa. Nikiusogeza kwa baba, bafu. Nimechora kitanda cha kukunja, wiki hii huku, wiki ile kule. Nimekifuta kabla sijakimaliza.

Fundi amegonga. Anasema uzi ameshauvuta mpaka mlangoni kwangu, anauliza tu auachie hapo hapo, au ausogeze, na kama ni kuusogeza, kwa baba au kwa mama.

Nimemjibu asubiri, bado napima.

Nimeshamaliza kupima.