Kioo cha Jeneza la Wafula

Kitale, Alhamisi, Agosti 2006

Bila mimi, fundi wa vioo, Kitale yote ingelala na upepo ndani ya nyumba. Na majeneza ya Bungoma, kile kioo cha kumwonea marehemu uso, ni mimi wananitafuta.

Leo nilikata cha ndugu yangu Wafula. Tunamzika kesho Kamukuywa, na Mama amesema lazima amwone mwanawe mpaka kaburini.

Nekesa, mtoto wa dada yetu anayesoma fizikia chuo kikuu, alinishikia rula.

"Mjomba, unajua chembe za kioo hazijawahi kujipanga? Za chumvi zimesimama mistari kama wanafunzi paredi. Za kioo zilikwama ovyo tu, kama watu sokoni."

"Lakini si zimetulia?"

"Wapi! Kila kitu kinatetemeka, lakini kioo kina mitetemo ya polepole iliyozidi ile ya chumvi, makundi mazima yakiyumba pamoja. Hata kwa baridi kali. Wataalamu bado wanabishana ni kwa nini."

"Hiyo nilijua kabla uzaliwe. Nasikianga kwa vidole."

Akacheka. "Huwezi, mjomba. Ni midogo mno."

Alipotoka nikaweka kiganja juu ya kioo. Baridi, kimya, na ndani makundi yanayumba. Nikauona uso wa Wafula chini yake, udongoni, na huo mtetemo usiokoma...

Nimempigia Mama simu, nikasema kioo kimepasuka, wafunike na mbao.

Hakikupasuka. Kiko mezani, kizima, na Nekesa aliporudi nilimwomba akifunike gunia kwa sababu mimi niliogopa kukigusa.