Kifua cha Mzee Kimya

4 Februari

Kwa mpwa wangu kipenzi,

Salamu tele zikukute huko ughaibuni ukiwa mzima. Sisi hatujambo, ila mama yako moyo unamsumbua; akipanda ngazi za mlangoni anashika ukuta na kusingizia anatazama mawingu. Usihofu. Kaka yake nipo, na gari la wagonjwa linalala umbali wa kikohozi kutoka kwake.

Unauliza kama siye wa kujitolea bado tunapewa mafunzo. Mkufunzi aliacha kuja tangu wampunguzie safari, lakini nani anifundishe mimi? Mimi niliyezalisha mapacha gari likiwa mbio, wa kwanza akazaliwa kilima cha huku, mwenzake kilima cha kule! Kila Jumamosi nawakusanya wenzangu gereji, namlaza chini Mzee Kimya, ule mdoli wa mazoezi tulioachiwa, nawaonyesha kazi. Kifua chake nakishusha kwa mkono mmoja, wa pili umeshika chai. Dereva wetu kanibatiza Mikono ya Pamba.

Nawe tuambie huko mnafundishana nini, tuwasahihishe.

Mjomba wako,
Mikono ya Pamba

19 Februari

Shikamoo mjomba,

Mimi mzima, kazi tu ndiyo inanikaba. Mapacha wa vilima viwili nimewasimulia wanafunzi wangu, wamecheka mpaka machozi.

Ila hiyo chai imeninyima usingizi. Mdoli mzima ni mgumu, mjomba. Mimi nafundisha kubonyeza kifua kila siku na bado natoka jasho. Wa kwenu akishuka kwa mkono mmoja, basi springi yake ya ndani imekufa, nanyi miaka yote hii mnaizoeza mikono ulaini. Mfungueni mtazame. Tafadhali, kabla hamjaitwa kwa mtu.

Mbusu mama.

Mpwa wako

2 Machi

Mpwa wangu,

Natumaini u mzima. Huku tu wazima wa mwili tu. Rafiki yangu kinyozi katutoka.

Kaanguka dukani kwake, mkasi mkononi, mteja kichwa nusu. Tulifika kabla taulo halijagusa sakafu. Nikapiga magoti, nikambonyeza kifua kwa mikono yangu hii. Kwa upole, mpwa wangu, kwa heshima, vile vile kama Mzee Kimya. Hata kifungo cha shati hakikung'oka. Watu walisimama mlangoni wakasema hawajapata kuona mgonjwa akihudumiwa kistaarabu namna ile. Lakini hakurudi. Mjane wake kanishika mikono, kaibusu mbele ya kadamnasi.

Barua yako nimeipokea nikienda maziko, nimeipitia juujuu. Mambo ya springi tuyaache. Mimi na Mzee Kimya tunajuana.

Mjomba wako,
Mikono ya Pamba

14 Machi

Shikamoo mjomba,

Pole sana. Najua alikuwa zaidi ya ndugu kwako. Nywele zangu za kwanza alizinyoa yeye.

Barua hii nimeiandika nikaichana, nikaandika tena. Mjomba, wengi wakianguka vile hawarudi, hata angekuwa mikononi mwangu. Lakini kifua cha mtu hakibonyezwi kwa upole. Kinatakiwa kizame upana wa vidole vitatu, haraka, karibu mara mbili kwa kila sekunde, na kila ukishusha ukiache kiinuke kabisa. Mbavu zinaweza kulia kwa kuvunjika. Zikilia, usiache.

Mtupeni huyo mdoli. Tafuteni tairi la gari, mlibonyeze mpaka mikono izoee ugumu.

Sikuandikii kukuumiza. Mama yangu yuko hapo na moyo wake huo, nami niko mbali. Mikono niliyonayo huko ni yako tu.

Mpwa wako

20 Aprili

Mjomba, shikamoo,

Hujajibu, na simu yako haipatikani.

Mama ananiambia umerudisha ufunguo wa gari. Ananiambia gereji huendi, unashinda umeketi nje ya duka la kinyozi lililofungwa, mtu akikusalimia unaitikia kwa kichwa. Ananiambia na wenzako wameanza kutawanyika, eti kama Mikono ya Pamba kashindwa, wao ni nani.

Na hayo yote anayasema akihema kama aliyekimbia.

Nimeomba likizo, wamenikatalia. Nimeomba tena. Mjomba, nikasirikie, nitukane, niite mtoto asiye na adabu, lakini chukua ufunguo. Gari likikaa bila watu, mama akianguka atabebwa na nani?

Nakupigia magoti.

Mpwa wako

11 Mei

Mpwa wangu,

U hali gani? Kaa kwanza ndipo usome. Mama yako yu hai.

Barua yako ya mwisho niliisoma pale pale nje ya duka. Nikaenda gereji, nikamchana Mzee Kimya kwa kisu. Springi ilikuwa imekatika vipande, na pembeni pamejazwa sponji. Dereva akaniambia aliyejaza ni mkufunzi mwenyewe, safari yake ya mwisho, ili mdoli asionekane kabonyea. Nikakaa chini.

Kisha tukaleta tairi. Halikushuka. Mimi niliyesukuma gari la wagonjwa peke yangu mlimani! (Tulikuwa wanne.) Nilitoka jasho hadi viatuni. Nikawaita wote warudi, tukawa tunabonyeza kila jioni. Chai marufuku.

Juzi mama yako alikuwa anaanika nguo, akaanguka na shuka mkononi. Tukaitwa, tukafika mbio mimi na dereva, hapumui. Nikaanza. Ubavu ukalia, kha, kama kijiti. Jirani akanivuta shati: "Wewe mzee, unamuua dada yako!" Mwingine akapiga kelele: "Mtoeni huyo, kachanganyikiwa!" Nilitaka kuacha, Mungu shahidi. Nikasema, "Dereva, nizuilie hawa watu," nikaendelea, ukalia wa pili. Nilipochoka akashika dereva, nikashika tena, hivyo hivyo mpaka watu wa hospitali wakaja na mashine yao ya kuushtua moyo.

Alipofumbua macho kaniuliza, "Umenikalia?" Daktari anasema hatari haijapita, nami sikudanganyi. Akivuta pumzi anaugulia maumivu, nami nakaa kando ya kitanda nausikiliza huo mguno, maana ni pumzi.

Njoo, hata wakikukatalia. Njoo na mdoli mzima.

Jana mjane wa kinyozi alikuja kumtazama mgonjwa. Kanishika mikono tena. Kanishukuru tena kwa ule upole wangu siku ile.

Mbavu za mama yako nilizisikia, mwanangu. Za rafiki yangu sikusikia hata mmoja.

Mjomba wako