Ubao Uingie Kutoka Upande Gani: Kikao cha Dharura Kuhusu Meza ya Ruta

USHIRIKA WA MAFUNDI SEREMALA, KARAKANA YA MASHOTO
KUMBUKUMBU ZA KIKAO CHA DHARURA CHA KAMATI

Tarehe: Jumamosi, 14 Juni
Mahali: Ndani ya karakana, upande wa meza za kazi

WALIOHUDHURIA
1. Mwenyekiti (fundi, binti wa marehemu Fundi Mashoto, mwanzilishi wa karakana)
2. Fundi Mkongwe (mwanafunzi wa kwanza wa marehemu, wote humwita Baba Mdogo)
3. Fundi wa Milango
4. Fundi wa Vitanda
5. Mama Vanishi (mpakaji)
6. Katibu

ASIYEHUDHURIA
Mtunza Stoo, kwa udhuru. Shemeji yake amelazwa.

KUMB. NA. 1/6: KUFUNGUA KIKAO

Kikao kilichelewa kuanza kwa sababu viti vyote vya karakana vilikuwa na vanishi mbichi. Wajumbe walikaa juu ya rundo la mbao. Mama Vanishi alieleza kwamba viti vingekuwa vimekauka tangu jana kama Fundi wa Vitanda asingepiga msasa pembeni yake na kuvijaza vumbi, ikabidi vipakwe upya. Fundi wa Vitanda alijibu kwamba hakuna aliyemwambia. Mama Vanishi alisema vanishi mbichi huwa haimwambii mtu, hunuka. Mwenyekiti aliagiza jambo hilo lingoje mengineyo.

Ajenda zilikuwa tatu: tukio la Jumatano, masharti ya kutumia meza ya ruta, na pendekezo la Mwenyekiti kwamba Baba Mdogo asiitumie.

KUMB. NA. 2/6: TUKIO LA JUMATANO

Mwenyekiti alikumbusha kwamba kazi ya milango ya zahanati inataka nakshi ya ukingoni ifanane mlango kwa mlango. Kwa ajili hiyo kamati iliridhia ruta, mashine ya kuchonga nakshi kwa kisu kinachozunguka, ifungwe kichwa chini, chini ya meza, kisu chake kichungulie juu kupitia tundu, ili fundi apeleke ubao kwenye kisu badala ya kupeleka kisu kwenye ubao. Yeye mwenyewe alikwenda kuonyeshwa kwa muuzaji. Meza ilikamilika Jumanne, na Jumatano, kwa heshima ya umri, Baba Mdogo alipewa nafasi ya kuifungua.

Baba Mdogo aliwasha, akaegemeza ubao kwenye ubao wa mwongozo na kuusukuma kutoka kushoto. Kisu kiliunyakua. Ubao uliruka kuelekea kulia, ukapiga mlango wa stoo na kuutoboa. Mkono uliokuwa ukisukuma ulikosa kitu cha kusukuma, ukaendelea na safari. Kisu kilichukua ncha ya ukucha wa kidole cha kati. Nyama haikuguswa.

Fundi wa Milango alisema huo ukucha ulihitaji kukatwa hata hivyo. Mwenyekiti alimtaka aondoe kauli hiyo. Aliiondoa.

Baba Mdogo aliulizwa kama ana la kuongeza. Alisema taarifa ni sahihi.

KUMB. NA. 3/6: MASHARTI YA MEZA YA RUTA

Mwenyekiti alisoma masharti aliyoyaandaa, na wajumbe wakayajadili.

Kwanza, plagi itolewe ukutani kabla ya kubadili kisu. Kuzima swichi peke yake hakutoshi, maana swichi hupigwa kiwiko na mpita njia. Shina la kisu liingizwe mpaka mwisho, kisha livutwe nyuma kidogo ndipo likazwe. Likigusa kitako hulegea lenyewe kazi ikiendelea. Kisu kikubwa kizungushwe kwa mwendo mdogo. Kina cha nakshi kisitafutwe kwa mkupuo mmoja, bali kwa kupitisha ubao mara mbili au tatu, kisu kikipandishwa kidogo kidogo. Fundi wa Vitanda aliuliza kama hilo halitapoteza muda. Mwenyekiti alijibu kwamba muda unaopotea hurudi, kidole hakirudi.

Ubao usipitishwe kati ya kisu na mwongozo, kwa sababu hubanwa na kurushwa. Upite mbele ya kisu, mgongo wake ukiwa kwenye mwongozo. Mikono isikaribie kisu kwa chini ya shibiri moja. Kipande kifupi kisukumwe kwa fimbo yake. Miwani ivaliwe. Glovu zisivaliwe, na mikono ya shati ikunjwe. Mama Vanishi aliuliza kuhusu mtandio wake. Iliamuliwa kwamba uchomekwe ndani ya aproni kila apitapo karibu na meza.

Sharti kuu lilirudiwa mara mbili: kisu huzunguka kuja kukutana na ubao unaotoka kulia kwa fundi. Kwa hiyo ubao uingie kutoka kulia kwenda kushoto, kisu kiupinge. Ukiingia kutoka kushoto, kisu huuvuta, na kinachofuata kimeshaelezwa katika Kumb. Na. 2/6.

Masharti yalipitishwa bila kupingwa.

KUMB. NA. 4/6: PENDEKEZO KUHUSU BABA MDOGO

Mwenyekiti alipendekeza kwamba Baba Mdogo asitumie meza ya ruta, na kwamba kuanzia Jumatatu ahamie kwenye msasa na kubandika bawaba. Alieleza kwamba sharti la upande lilikuwa limeshatajwa Jumanne, na Baba Mdogo alikuwepo.

Baba Mdogo aliuliza nakshi za ukingoni zitafanywa na nani. Mwenyekiti alijibu kwamba zote zitapita kwenye meza ya ruta. Baba Mdogo alisema nakshi za ukingoni ndiyo kazi yake tangu karakana hii ikiwa banda la mabati. Alieleza, na kikao kilimwacha aeleze, jinsi yeye na marehemu walivyokuwa na randa za nakshi saba, kila moja na sauti yake, kiasi kwamba mke wa marehemu, akiwa jikoni, alijua wamefika wapi na aanze kuchemsha chai saa ngapi. Walifanya kazi wakitazamana kwenye meza moja. Marehemu alikuwa akiimba nusu ya wimbo, nusu ya pili akamwachia yeye, na asipoitikia anaambiwa ubao wake utapinda. Mwenyekiti wa sasa alikuwa akilazwa ndani ya kreti ya maranda chini ya meza hiyo.

"Nimekutoa maranda kichwani mpaka ukaanza shule," alisema. "Leo unanipa msasa."

Mwenyekiti alisema hilo halimo kwenye ajenda.

Baba Mdogo alisema fundi akiondolewa kwenye kingo ameondolewa kwenye useremala, na kama kamati imechoka naye iseme hivyo, isisingizie kisu. Mwenyekiti alijibu kwamba amemzika baba mmoja na hana haraka ya kumpeleka wa pili hospitali. Alisema pia kwamba Baba Mdogo hakuwahi kuitaka mashine hii, na mtu anayekwenda kwenye kisu kwa kinyongo huwa hasikii alichoambiwa.

Baba Mdogo alisema alisikia vizuri sana. Masikio yalisikia. Mikono ndiyo iliyoanzia kushoto.

Fundi wa Milango aliunga mkono pendekezo la Mwenyekiti, akieleza kwamba umri ni umri, na kwamba yeye binafsi hawezi kukosea jambo dogo kama hilo. Fundi wa Vitanda aliunga mkono pia, ingawa alisema anaunga mkono kwa huzuni. Baba Mdogo alimshukuru kwa huzuni hiyo.

Kabla ya kura, Mama Vanishi aliomba ufafanuzi. Alisema yeye si seremala, ni mpakaji, na ndiye pekee katika kikao ambaye hakufundishwa na marehemu. Alitoka karakana nyingine. Hawezi kupiga kura ya kumwondoa mtu kwenye jambo asilolielewa. Aliomba aonyeshwe ubao unavyoingia.

Wajumbe walisimama wakaizunguka meza ya ruta. Katibu alitoa plagi. Mwenyekiti alichukua kipande cha ubao, akaeleza tena kwamba ubao hutoka kulia, akauegemeza kwenye mwongozo na kuupitisha taratibu mbele ya kisu kilichosimama. "Kama hivi," alisema. Fundi wa Milango alisema sawa kabisa, ila kidole gumba kikae nyuma zaidi, akauchukua ubao na kuupitisha yeye. Fundi wa Vitanda aliupitisha pia, akisisitiza kwamba mwendo usikatike katikati. Hakuna mjumbe aliyepinga.

Mama Vanishi aliuliza kulia kwao ni wapi.

Mwenyekiti alimwambia kulia ni kulia. Mama Vanishi alisema kwa anavyoona yeye, wote watatu wameingiza ubao kutoka upande wa dirishani, na mtu akiitazama hiyo meza dirisha liko kushoto kwake. Fundi wa Milango alianza kubisha, kisha akatazama alipokuwa amesimama.

Katibu alikuwa ameshaandika kwamba onyesho lilifanyika kwa usahihi. Sentensi hiyo imefutwa kwa idhini ya kikao.

Mama Vanishi alisema hakukusudia kumwumbua mtu. Alisema tangu siku ya kwanza alishangaa, kwa kuwa alikotoka mafundi hupiga randa kutoka kulia kwenda kushoto, lakini hapa kila mtu huanzia kushoto, na kila jiliwa la kubania ubao limefungwa upande wa kulia wa meza. Alidhani ni utaratibu wa ushirika.

Baba Mdogo alieleza kwamba si utaratibu. Marehemu alikuwa anatumia mkono wa kushoto, ndiyo maana akaitwa Mashoto, na jina likabaki kwenye kibao cha nje. Alitengeneza meza ya kwanza kwa kufuata mkono wake. Za pili na tatu zilinakiliwa kutoka hiyo. Wanafunzi walisimama aliposimama yeye na kusukuma alikosukuma yeye. Mwenye mkono wa kulia alilia wiki mbili akazoea. Hakuna aliyeambiwa kwamba duniani kuna namna nyingine, na hakuna aliyeuliza. Fundi wa Milango alikiri kwamba alipokwenda kumsaidia binamu yake kwenye karakana yao alichekwa siku nzima, akadhani wanamchekea suruali.

Fundi wa Vitanda aliwaomba wajumbe watazame sakafu. Saruji ilikuwa imelika na kuwa laini kwenye pembe ya kushoto ya kila meza, na upande wa kulia bado ina mikwaruzo ya mwiko wa mwashi. Mwenyekiti aliitazama sakafu kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Alisema kwamba tangu msiba amekuwa akitafuta sauti ya baba yake. Hakuna aliyewahi kumrekodi. Picha zenyewe ni mbili, na katika moja ametazama pembeni. Hakujua kwamba kila asubuhi anapofika kazini anasimama juu ya nyayo zake.

Aliondoa pendekezo lake. Alisema likipita kwa haki, basi litamwondoa yeye kwanza. Alimwomba radhi Baba Mdogo.

Baba Mdogo alisema, "Usiniombe radhi, mwanangu. Mimi Jumatano sikulala. Si kwa ajili ya kidole. Nilidhani nimebaki na baba yako peke yangu, na kwamba mkinitoa, basi naye ameondoka."

Mwenyekiti aliomba kikao kipumzike kidogo. Kilipumzika.

KUMB. NA. 5/6: KICHANA, NA MATUMIZI YA MEZA

Kikao kiliporejea, Baba Mdogo alieleza kwamba mazoea ya miaka hayaondolewi kwa karatasi ya masharti, hata ikibandikwa ukutani. Alipendekeza kitengenezwe kichana cha mbao ngumu: kipande chenye meno marefu membamba yaliyokatwa kwa mshazari, kifungwe mezani ili meno yaukandamize ubao kwenye mwongozo. Ubao ukitoka kulia, meno hulegea na kuuachia upite. Ukitoka kushoto, au ukitaka kurudi nyuma, meno huuma na kuugomea. Mkono ukisahau, kichana kitakumbuka.

Mwenyekiti aliuliza alikiona wapi kitu hicho. Baba Mdogo alisema hakukiona popote. Alikifikiria hiyo Jumatano, alipokosa usingizi.

Iliamuliwa kwamba vichana viwili vitengenezwe, vifungwe kabla na baada ya kisu, na meza isiwashwe na yeyote mpaka viwepo. Baba Mdogo atavikata kwa msumeno wa mkono. Kila fundi atafanya mazoezi na plagi ikiwa nje, Mama Vanishi akiwa msimamizi, kwa kuwa ndiye anayejua kulia. Nakshi za milango ya zahanati zitafanywa na Baba Mdogo kwenye meza ya ruta, Mwenyekiti akipokea ubao upande wa pili.

KUMB. NA. 6/6: MENGINEYO

Fundi wa Vitanda alikubali kupigia msasa uani. Mama Vanishi aliipokea kauli hiyo na kusema atasubiri kuiona.

Fundi wa Milango alipendekeza kwamba, kwa usalama, meza zote za kazi zigeuzwe na majiliwa yahamishiwe kushoto, ili mafundi waanze kuuzoea upande wa kulia katika kila kazi na ajali isijirudie. Alisema pendekezo lake ni la kiufundi tu, lisichukuliwe vinginevyo. Mwenyekiti aliwauliza wajumbe. Fundi wa Vitanda alisema lina mantiki. Mama Vanishi alisema hana kura kwenye meza zisizo zake. Baba Mdogo alikuwa ameshaanza kuchora meno ya kichana kwenye kipande cha ubao.

Mwenyekiti aliamua kwamba meza ya ruta peke yake ndiyo itakayoanzia kulia. Kazi zote za mkono zitaendelea kuanzia kushoto, na mwanafunzi yeyote atakayepokelewa atafundishwa hivyo, ila safari hii ataambiwa ni kwa sababu ya nani.

Hapakuwa na aliyepinga. Wajumbe walirudi kwenye meza zao saa sita mchana, na kikao kikahesabiwa kuwa kimekwisha.

Imesomwa na kuthibitishwa kuwa kumbukumbu sahihi, pamoja na sentensi moja iliyofutwa katika Kumb. Na. 4/6:

……………………………
Mwenyekiti

……………………………
Katibu