Isale la Nyuma ya Banda

Kibosho,
Ijumaa, baada ya Njia ya Msalaba

Kaka yangu mpendwa Wenseslaus,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima hapo Arusha, wewe na wifi Mary na watoto, na kwamba kile kifua cha vumbi la mbao kimepungua. Sisi huku tupo, tunamshukuru Mungu. Goti la Mama linamsumbua asubuhi tu, likishapata jua anashuka mwenyewe kukata majani ya ng'ombe, na ukimkataza anakuuliza kama wewe ndiye uliyemzaa. Mwanangu Salvina ameanza kusimama kwa kushika kiti. Meno yanamtoka, halali, kwa hiyo na mimi silali. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka ujue yuko mapajani ananing'ang'ania kalamu. Baba yake, Hosea wangu, yuko mlimani anapandisha wageni.

Nimeona niandike, maana kwenye simu tukifika habari za mpaka wewe unapaza sauti, mimi nalia, na salio linaisha kabla hatujasemezana. Jirani yangu Theodora anakuja huko kesho kumwona mwanawe, nimemwambia akupe mkononi. Nakuomba uisome yote kabla hujampigia Mama.

Unajua nimeendelea kuwalea vijana wa parokia. Kwaresima hii Padre Yakobo, yule msaidizi aliyetoka Sumbawanga, ametupa mada ya vita, amani na haki. Nilidhani watasinzia. Kaka, walitaka kupigana kwa sababu ya amani! Shedrack alisimama akasema Mkristo akipigwa shavu hili ageuze na lile, basi. Magreth akamwuliza kama ndiyo sababu wiki iliyopita alimfukuza kondakta mpaka mtoni kwa ajili ya chenji yake. Watu walicheka mpaka benchi likaanguka. Lakini huyo huyo Magreth akaongeza neno jingine. Alisema nchi za mbali zinazopigana tunaziombea kila Jumapili kwa majina, kwa kuwa hazitusikii. Wanaogombana kwa ajili ya vihamba, mashamba waliyoachiwa na babu zao, wanakaa nasi benchi moja, na hao hatuwataji.

Hapo ndipo Antoni wa Filemoni alipoinua mkono. Aliinua wa kushoto. Ule wa kulia uliunga vibaya baada ya Noeli, hawezi tena kupiga ngoma ya kwaya kama zamani, sasa anashika kayamba na kukaa nyuma. Aliuliza hivi: mtu akiomba amani asijibiwe, anatakiwa akae na amani yake mpaka lini? Akasema baba yake alipeleka isale mahali fulani na hakujibiwa, baadaye mtoto wake akavunjwa mkono na watu wa mahali hapo hapo, na mpaka leo anawakataza wasiende polisi, eti aliyekwisha kupeleka isale hawezi kumshitaki mtu yule yule. Je, hiyo ni amani au ni woga?

Hakutaja jina la mtu. Aliniheshimu. Lakini vijana wote walitazama chini, na ujue wanajua.

Padre Yakobo, kwa ugeni wake, akauliza isale ni nini. Wakamweleza wote kwa mkupuo, kwamba ndiyo ile mimea ya majani marefu anayoiona mipakani, kila kihamba kimezungushiwa. Na kwamba mtu akimkosea mwenzake anakata tawi la isale na kumpelekea, na aliyepelekewa hakatai, hata kama kosa ni la damu. Padre akafurahi sana. Akasema Injili ilifika Kilimanjaro ikakuta kiti kimeshapanguswa. Halafu akanigeukia, akataka mimi kama mlezi nimjibu Antoni.

Kaka, nilisema mtoto analia nikatoka nje. Salvina alikuwa mgongoni amelala fofofo.

Najua sasa hivi unasema, isale gani, Filemoni hajawahi kuniletea isale. Ni kweli, hukuliona. Tulia nikueleze.

Unakumbuka kwenye sherehe ya kipaimara, pale ng'ombe wa Filemoni alipokuwa amevuka mpaka na kula miche yako ya kahawa, ukamwambia kistaarabu afunge ng'ombe wake. Yeye na mbege yake kichwani akajibu mbele ya watu wote kwamba anayekula kwa misiba ya wenzake asimfundishe mtu mzima kufunga ng'ombe. Watu wakacheka, watoto wakaanza kukuita Jeneza. Wewe uliyenisomesha mpaka kidato cha nne kwa hayo hayo majeneza. Ulishuka Arusha bila kuaga. Mimi nilikuwa na mimba ya Salvina, na maneno yale yalinikaa kuliko hata mtoto mwenyewe.

Masika ilipoanza nilikuwa kwa Mama, nimejifungua, nimefungiwa ndani nakunywa mtori. Mama alikuwa ameenda msibani. Filemoni alikuja kwa njia ya nyuma, amelowa, ameshika tawi la isale amelikunja jani fundo. Alisimama mlangoni, hakuingia kwa kuwa nina kichanga. Akasema, mama mzazi, mwambie kaka yako pombe ilinishinda, mimi ni wa kulaumiwa, naomba apokee hili. Akanipa kwa mikono miwili. Nikamwambia nitakufikishia.

Sikukufikishia. Sikupiga simu, sikumwambia Mama. Nilijiambia, alikutukana mbele ya sherehe nzima, sasa anakuja kuomba radhi kwa mlango wa nyuma, kwa mwanamke aliyelala kitandani? Nilitaka arudi na mwenyekiti wa kitongoji, watu waone, na wale waliocheka wawepo. Niliita jambo hilo haki. Ndiyo neno nililotumia moyoni, haki, na sasa nawafundisha vijana neno hilo hilo nikiwa na chaki mkononi.

Kulichoma niliogopa. Bibi alitufundisha, isale la msamaha halichomwi wala halitupwi. Basi nilipotoka uani nililichomeka kwenye udongo nyuma ya banda la ng'ombe, pale penye pengo ambapo isale la zamani la mpakani lilikufa, ila kwa upande wetu. Nilidhani litaoza.

Halikuoza, kaka. Mvua ya masika na mbolea ya bandani, likashika mizizi. Mimi nilirudi kwangu, nikalisahau, au nilijifanya kulisahau. Noeli ukaja, ukaenda bandani kuchagua mbuzi, ukaona isale limesimama ndani ya kihamba chetu, limestawi. Ukasema Filemoni amesogeza mpaka.

Hakusogeza. Isale lile ulilong'oa ndilo alilokuletea kuomba msamaha. Ni mimi niliyelipanda pale.

Nilikuwa jikoni nageuza ndizi nilipokusikia unaita. Nilijua papo hapo. Nikasema ngoja nimfunge mtoto mgongoni kwanza. Nikamfunga taratibu, kaka, nikakaza na fundo la pili ambalo halikuhitajika. Nilipofika mpakani, Antoni aliyekuja kuwaamua wewe na baba yake alikuwa chini, na mpini wa jembe ulikuwa mkononi mwako. Mpini uliushika wewe, hilo siwezi kukubebea. Lakini hasira uliyokuwa nayo niliipanda mimi.

Sasa baraza la kata linakuja Jumatano kuukagua mpaka, na wewe umejiandaa kusema mbele yao, kwa jina la Mungu, kwamba Filemoni alipanda isale lile kutunyang'anya ardhi ya Baba. Utakuwa unasema uongo bila kujua, na mzee wa watu ataitwa mwizi kwa ajili ya msamaha wake mwenyewe. Sitaruhusu. Nakuheshimu, wewe ni baba yangu tangu Baba afe, lakini Jumatano nitasimama pale mpakani, mbele ya wote waliocheka na wasiocheka, niseme nilichokuandikia hapa. Mama nitamwambia Jumatatu. Kwa Antoni nitaenda mwenyewe. Sijui nitaanzaje.

Jambo moja limebaki. Isale ulilong'oa ukalitia kwenye gunia, ukamwambia Mama alitunze stoo liwe ushahidi. Juzi nilienda kulifungua. Nilitegemea kukuta kuni kavu. Limekunjamana, majani ya chini yamekauka, lakini juu limetoa jani jipya, jembamba, jeupe kwa kukosa jua. Nimelitoa gizani, nimelitia kwenye ndoo ya maji karibu na mlango wangu.

Njoo Jumanne, usisubiri Jumatano. Sikuombi unisamehe kwanza, hilo litachukua muda wake. Nakuomba uje ulichukue, kwa sababu ni lako. Lilitumwa kwako tangu masika, na mwenye kulituma bado anangoja pale ng'ambo ya migomba jibu lako.

Mama anakusalimu bila kujua ninachoandika. Msalimie wifi na uwabusu watoto, waambie Salvina anawasubiri wamfundishe kutembea. Mungu akulinde njiani ukija.

Ni mimi mdogo wako, niliyekukosea,
Stella