Kimya cha Ami Badr

Al Khoudh,
Maskati.
9 Februari 2025

Mpendwa dada Sabah,

Assalaam alaykum. Vipi hali yako, na mguu je, umekubali kupanda ngazi? Sisi huku wazima, alhamdulillah, na siku hizi uzima wetu inabidi tuuapie kwa kila anayepiga simu. Hata Marhoon, uliyemsomea khitma huko Unguja, hajambo. Anakushukuru, ila kasema ule mkate wa ufuta ulioliwa kwa ajili yake angeufaidi zaidi yeye mwenyewe.

Nakuandikia kwa mkono, barua anakuja nayo Ghaith, kwa sababu simu ndiyo iliyotuponza.

Unamjua Ami Badr. Enzi zake redioni alisoma kila kitu, bei ya karafuu, salamu za wagonjwa, lakini jina alilipata kwa vifo. Akishataja ukoo, hunyamaza. Sababu alinieleza mwenyewe: aliye jikoni apate kuteremsha chungu, aliye uani asogee dirishani penye redio, ndipo amtaje marehemu. Mji mzima ulijifunza kushika pumzi kwenye kimya kile.

Basi Masouda, bintiye, yeye na mumewe Marhoon walipotaka kumwoza binti yao Bashayer, akamwomba baba yake aalike jamaa kwa sauti, tuitume kwenye kundi la familia. Mzee akafurahi, akanywa maji ya tangawizi, akavaa na kofia, ati hasomi kichwa wazi. "Familia ya Bwana Marhoon wa Al Khoudh inawaarifu ndugu na jamaa wote..." Akanyamaza.

Nani siku hizi anangojea kimya cha simu? Wakubwa wote walizima wakaanza kulia, na kila mmoja akajichagulia maiti wake. Wengi walimpa Marhoon, kwa ule ugonjwa wake wa moyo.

Shangazi Nawar alitoka Yiti na sufuria la wali, analia tangu garini. Aliyemfungulia mlango ni Marhoon.

"We Marhoon! Hukufa?"

"Bado, shangazi. Ingia, kahawa tayari."

"Na wali wangu je?"

"Utaliwa. Mimi mwenyewe nna njaa."

Tulicheka sote isipokuwa Ami. Simu akaifungia kabatini. "Sauti yangu ya kuzikia watu," akasema. "Harusini msiniite." Bashayer akambembeleza awatangazie watu siku ya ndoa, akatikisa kichwa tu. Mtoto naye kamrithi ukaidi: "Asiponitangaza babu, asinitangaze mtu. Nitaolewa kimyakimya." Nikaona hii sasa vita, na keki imeshaagizwa.

Ijumaa akaozwa hapo hapo nyumbani. Wanaume majlisi, sisi wanawake ndani, kipaza sauti kinatuletea ya huko. Sheikh alipomaliza, tukasikia kikohozi. Kikohozi kile tunakijua tangu enzi za redio. Bashayer akanifinya mkono mpaka pete ikaniuma.

"Familia ya Bwana Marhoon wa Al Khoudh inawaarifu ndugu na jamaa wote..."

Kimya. Hata wasichana wakaweka simu chini. Masouda akafumba macho. Shangazi Nawar, aliyekwisha kupata funzo lake, hakungoja: akapiga kigelegele mpaka mapazia yakatikisika, na sisi tukadakia.

Nikachungulia mlangoni. Ami kasimama, kipaza sauti mkononi, mdomo wazi. Miaka yote ile alikuwa akinyamaza peke yake katika kile chumba cha redio, asisikie anajibiwa nini, na nadhani alijua ni kilio. Tulipotulia akamtaja Bashayer, akamtaja na Aws, mume wake. Tukadhani kamaliza. Akakohoa, akaanza tena mwanzo, "Familia ya Bwana Marhoon..." akafika pale pale, akanyamaza, akageuza sikio upande wetu.

Tukampa tena.

Nisalimie Yaqdhan na Jaifar, na majirani wote waliokula ule mkate. Halwa ya harusi anayo Ghaith. Mkague mizigo kabla hajapumzika. Mola akuponye mguu na atukutanishe kwa kheri kama hii. Na sauti ya Ami ikikufikia tena, nakuomba, dada, isikilize mpaka mwisho.

Ni mimi nduguyo, nikupendaye kwa karibu na kwa mbali,
Mahbuba