Kwa Nini Jina la Baba Halikuonekana

Mwene-Ditu, parokiani

Mama yangu mpenzi,

Salamu zitangoja kidogo leo. Baba yuko hai. Nimemshika mkono. Soma mstari huo tena kama hukuamini.

Sasa nikusalimie vizuri. Homa ya mdogo wangu Kapinga imeisha? Maji bado yanatoka hapo nyumbani Dilala, ama mnachota mbali? Mimi ni mzima, ila nimekonda.

Tangu tulipofukuzwa kwa sababu ya kabila la Baba, wewe ukabaki nyumbani na Kapinga, na Baba akasukumwa kwenye behewa lingine pale gare, kituo cha treni cha Kolwezi, sikumwona tena. Sikujua hata treni yake iliishia wapi. Nilikuandikia kwamba parokia imenipa kazi kwa sababu shuleni nilijifunza kupiga mashine ya kuandika. Tunaandika majina ya watu waliofukuzwa. Tuko meza tatu, kila moja katika jengo lake, na kompyuta yake. Majina yote hukusanyika katika mashine ya meza ya kwanza, kisha orodha nzima hupita kwenye waya mpaka meza nyingine, ili mtu aulizie ndugu zake popote. Mimi niko meza ya tatu. Kila asubuhi, kabla watu hawajaingia, niliandika jina la Baba. Halipo. Kesho yake, halipo.

Mkubwa wangu wa kazi ni Tata Kabeya. Huko Kolwezi alishughulikia kompyuta za ofisi ya mgodi, mpaka naye akafukuzwa. Kompyuta zetu ni za msaada, na kila moja ina kadi ya kiwanda tofauti. Kadi ndiyo sehemu unamoingia waya, nayo inahitaji programu ya kuiendesha. Tulikuwa na programu ya kadi ya meza ya kwanza tu. Tata Kabeya akaniambia nitengeneze za meza mbili zilizobaki. Nilifanya kama tulivyofanya darasani tulipokuwa na kitabu kimoja kwa wanafunzi wote: nilinakili yote, mstari wa kwanza mpaka wa mwisho, mara mbili, nikabadilisha hapa na pale kufuata kadi. Zikafanya kazi.

Baadaye mashine ya kwanza ikaanza kupoteza maneno. Kadi ina nafasi ndogo ambamo habari zinazofika hungoja. Ikijaa mpaka mwisho, habari inaendelea tena mwanzoni. Programu yetu ilisahau kurudi mwanzoni, na kipande cha mwisho kikapotea. Nililirekebisha kosa hilo, nikasifiwa. Mama, zile nakala mbili sikuzikumbuka hata kidogo.

Halafu nikaona orodha yangu ni fupi kuliko ya meza ya kwanza. Unanijua. Niliogopa wataniambia nimeharibu, nikanyamaza siku tatu. Siku ya nne akaja mama mmoja mzee kuulizia mtoto wake. Nikamwambia hayupo. Akatoka akishika ukuta. Hapo nilishindwa, nikaenda kwa Tata Kabeya.

Alizitazama zile programu tatu, kisha akaniuliza, "Ngalula, hili kosa uliliua mara ngapi?"

"Mara moja, tata."

"Na lenyewe lilizaliwa mara ngapi?"

Wenzangu wakacheka. Mimi nikaangalia viatu vyangu. "Mara tatu."

"Sasa weye unaogopa mashine, ama unaniogopa mi?" Akavuta kiti. "Mulipolala ku gare, kila nyumba ilipika bukari yake?"

"Hapana, tata. Bamama walisonga bukari ya mahindi mu sufuria moja kubwa. Kila mutu alileta mboga yake."

"Basi! Hizi kadi, majina ni tofauti, lakini chipu ya ndani ni moja. Bukari ni moja, mutoto. Pika mara moja. Kila kadi ilete mboga yake tu."

Tukatoa kila kitu ambacho kadi zote zinafanya sawasawa, yaani kupokea, kungojesha na kutuma, tukakiweka katika faili moja. Kila kadi ikabaki na mistari yake michache. Kosa tulilirekebisha mahali pamoja tu. Mchana orodha zote tatu zikalingana.

Niliandika jina la Baba. Likatokea, na chini yake: "Anatafuta binti yake Ngalula." Aliandikishwa meza ya kwanza siku kumi na moja kabla. Aliniulizia meza ya pili; akina Ngalula ni wengi, wakatazama orodha tu, wakamwambia sipo.

Analala katika darasa la shule ya msingi, nyuma ya soko. Nilikimbia mpaka kule. Alikuwa anashona kandambili ya mtu. Nilipomwambia kwamba mimi ndiye niliyemficha, alicheka mpaka akakohoa. "Binti yangu," alisema, "hata polisi hawakuweza kunificha hivyo."

Yule mama mzee tulimfuata. Mtoto wake alikuwamo. Na Jumapili nilisimama kanisani, mimi huyu, nikasoma majina ya wote walioambiwa "hayupo" ili waje kuuliza tena. Nilisoma mpaka jina la mwisho.

Unisalimie nkambo, mzee wetu, na mjomba wa kule Kasaji akija na baiskeli yake, na jirani anayekusaidia kubeba maji. Kapinga mpige busu. Nakukumbuka sana.

Binti yako,
Ngalula

Baba anataka kalamu. Huu ni mwandiko wake:

Mama Ngalula, mi niko. Kitanda usiuzishe, ntakilalia tena.