Nimeling'oa freti gita la marehemu, na bado halilii sawa

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba msaada wako kabla sijafanya jambo la kijinga kuliko nililokwisha kulifanya, maana la kwanza limeshanitosha, silali, chakula hakipiti, na kila nikitupia jicho kwenye kona nilikolificha gita nyuma ya magunia ya pumba natamani ardhi ipasuke inimeze.

Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na nne, naishi Kilosa mjini na mke wangu Irine na watoto wanne, kazi yangu ni mashine ya kukoboa mpunga, wateja wangu wengi wanatoka Tindiga na Kilangali, na siku za sherehe napiga gita la besi kwenye bendi yetu ndogo, mwaka huu ni wa ishirini na saba nasimama mahali pale pale kando ya spika, tumepiga harusi na vipaimara mpaka kwenye hoteli za Mikumi, na sijisifu, lakini watu walikuwa wakisema besi yangu inamnyanyua hata mgonjwa kitini.

Sasa gita lenyewe si langu, ndipo msiba wangu ulipo. Lilikuwa la Anselmi, rafiki yangu tangu tukiwa watoto, baba zetu wote walikuwa watu wa reli, na ndiye aliyenishika vidole akanifundisha besi kabla hajahamia Mikumi. Alipofariki miaka mitatu iliyopita, siku ya kuanua tanga, mjane wake Verdiana alilitoa gita ndani mbele ya ukoo mzima, akaniwekea mikononi akasema, "Shemeji, litumie, ila likae vile vile mwenyewe alivyoliacha, maana ndiyo sauti yake iliyobaki." Nikaitikia mbele za watu, mshauri, na machozi yakanitoka.

Shida ilianza mwaka jana, gita likafifia. Nyuzi za besi zikichakaa zinapoteza ule mng'ao wake, zinalia bu, bu, kama unapiga gunia la mahindi, kwa hiyo nikanunua mpya Morogoro, nikazifunga, nazo zikalia bu, bu, moja kwa moja kutoka kwenye pakiti, nikarudi kumgombeza muuzaji kwamba ananiuzia feki, akaapa kwa dini yake, nikaagiza nyingine Dar es Salaam, zikawa yale yale, seti ya tatu yale yale. Halafu ikazuka nyingine, nikibana noti moja nasikia kama zinalia mbili zinagombana. Kile kifaa cha kutyunia kilichopo kwenye simu kinawaka kijani kwamba gita liko sawa, nikajua nacho kimeharibika. Kaelo, mwenzetu anayepiga solo, mtu mzima wa miaka thelathini na tano anayetoka kwa wafugaji wa huko Tindiga, akaniambia, "Mzee, mbona gita halina neno?" Nikaona huyu ananidharau.

Nimo kwenye kundi la simu la wapenda besi, tuko kama watu arobaini, hatujaonana, tunatumiana picha za magita na kubishana kuhusu nyuzi kama wengine wanavyobishana kuhusu mpira. Humo wanaisifu sana besi isiyo na freti, yaani vile vipande vya chuma vinavyokatiza shingo ya gita ambavyo vinamwonesha mpigaji mahali noti ilipo, wanasema ukiviondoa sauti inateleza kama mtu anaimba, kidole chako na sikio lako ndivyo vinaitafuta noti. Nikaeleza tatizo langu, mmoja akasema peleka kwa fundi akaangalie, mwingine akasema huenda freti zimelika, na mimi nikalishika hilo la kulika kwa sababu ndilo nililotaka kusikia.

Jumapili moja Irine na watoto walikwenda kanisani, nikabaki nikisingizia mgongo, nikachukua koleo ya mashineni nikazing'oa zote ishirini. Nilizing'oa kavu kavu, mshauri, bila kuzipasha moto kama mafundi wanavyofanya, na kila moja ilitoka na kipande cha mbao ya shingo, shingo ya gita la Anselmi ikabaki na majeraha kama mguu wa mtu aliyeanguka na baiskeli. Nikaziba nyufa kwa vipande vya mninga na gundi ya seremala, nikapiga msasa, nikafunga zile nyuzi laini zinazofaa besi ya namna hiyo, nikachomeka waya.

Likalia vile vile. Noti mbili zinagombana, na ule ububu wake.

Siku ya mazoezi nikalipeleka, nikapiga wimbo mmoja tu wenzangu wakaacha vyombo, Kaelo akasema kwa adabu, "Mzee, uko nje ya noti, uko nje sana." Akaomba kulishika, akapiga taratibu huku anatafuta noti kwa kidole, wote wakakubali wakasema sasa liko sawa, lakini mimi nilisikia takataka ile ile, ndipo nikaelewa kwamba wamepanga kunitoa kwenye bendi na wanamtayarisha yeye. Nililibeba gita nikaondoka bila kuaga.

Kana kwamba hayo hayatoshi, mwishoni mwa mwezi uliopita Verdiana alikuja mashineni na binti yake Devota kunipa kadi, Devota anaolewa, sendofu yake ni Mikumi, zimebaki wiki tatu. Marehemu alimtungia huyo binti kipande kidogo cha besi alipobatizwa, hakuna anayekijua ila mimi, na Verdiana anataka nikipige siku hiyo, kwa gita lile lile, wakati binti anaingia ukumbini, ili baba naye awe amemsindikiza. Nikasema sawa. Ningesemaje? Kesho yake Verdiana akanipigia simu kwa hasira kwamba Devota ameniamkia mara tatu pale mashineni na mimi nimemtazama kama ukuta, mtoto amerudi nyumbani analia kwamba baba mdogo anamkataa. Mshauri, hakuniamkia! Vijana wa siku hizi wanasalimia kwa kunong'ona mdomoni. Mtaani kwetu nako wameanza kusema nina maringo, siitikii shikamoo za watoto wa watu. Irine naye siku hizi haongei ila kwa kunipigia kelele mpaka majirani wanachungulia, na akitoka yeye wanaingia nyenje, usiku na mchana wanalia humu ndani sijui wamejificha wapi.

Nimefikiria kusema gita limeibwa. Nimefikiria kulichoma. Nimefikiria kupanda gari niende Malolo kwenye shamba la kaka yangu nikae huko mpaka sendofu ipite. Freti zote ishirini nimezihifadhi kwenye kopo la maziwa, nikizitikisa hata mlio wake siusikii vizuri kwa jinsi zilivyokuwa mbovu. Nimemsaliti rafiki yangu kaburini, nimemdanganya mjane wake, na ile sauti nimeiua kwa mikono yangu. Nifanye nini mimi?

Mpiga besi niliyeishiwa, Kilosa

*

Marahaba, mpiga besi.

Nianze na pole, kwa sababu baada ya hapo nitakugomba. Kuzika rafiki wa utotoni na kubaki na kitu chake mikononi ni mzigo, na wewe umeubeba peke yako kama mwizi.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu nyekundu, na nimechoka kupiga mistari. Seti tatu za nyuzi kutoka miji miwili zimekufa zikiwa ndani ya pakiti. Kifaa cha kutyuni kimedanganya, muuzaji amedanganya, Kaelo amedanganya, bendi nzima imekula njama, Devota amenong'ona, mkeo amegeuka mpiga kelele, na freti za chuma zimepoteza mlio ndani ya kopo. Baba, watu wote hao na vitu vyote hivyo vimeharibika mwaka mmoja, isipokuwa wewe? Na hao nyenje wanaolia usiku na mchana, umewahi kumwuliza Irine kama naye anawasikia? Muulize leo. Nakuhakikishia atakushangaa.

Mimi si daktari, lakini sihitaji kuwa daktari kusoma barua. Gita halikuwa na kosa. Masikio yako ndiyo yanayokuacha. Mchana umekaa na mashine ya kukoboa, siku za sherehe umesimama kando ya spika, miaka ishirini na saba, nayo masikio ni nyama tu. Nadhani hata wewe umelijua hilo kwa muda, maana mtu asiyelijua hahitaji kusingizia mgongo ndipo ashike koleo. Uliona heri gita liwe bovu kuliko uwe mbovu wewe. Halafu katika ukaidi wako ukaving'oa vyuma vilivyokuwa vinakuonesha noti ilipo, ukabaki unategemea sikio. Sikio lenyewe ndilo hilo! Kuna mtu anayevunja fimbo yake siku anayoanza kupofuka?

Basi, nisikilize. Najua kusikiliza ni kugumu, kwa hiyo mpe Irine hii barua aisome pamoja nawe, na mwombe radhi, kwa sababu mwanamke huyo hakugombezi, anajaribu kukufikia.

Wiki hii, si ijayo, nendeni hospitali ukapimwe, na wakikuandikia uende kwa daktari wa masikio Morogoro, nenda. Usitie mafuta ya kitunguu saumu, wala njiti, wala dawa ya yule jirani anayejua kila kitu. Huenda ni uchafu uliogandamana, ukisafishwa utacheka. Lakini sitakudanganya kama ulivyojidanganya mwenyewe: kwa haya uliyoyaeleza, nahofia ni zaidi ya uchafu, na sikio lililokufa kwa kelele halifufuki. Kuna vifaa vinavyosaidia kusikia maneno ya watu. Sijui kama vitakurudishia besi yako. Ukitaka kulia kwa ajili ya hilo, lia, una haki, umepoteza kitu kikubwa. Ila usilie ukiwa umejificha nyuma ya pumba.

Uongo wa wizi ufute kichwani. Ukisema gita limeibwa, mtu fulani atashukiwa, na kwa jinsi unavyomwandika Kaelo tunajua atakuwa nani. Huyo mtu amekuita mzee, amekusahihisha kwa adabu, na wewe unamlipa kwa dhana mbaya. Kamwombe radhi.

Kisha chukua gita na hilo kopo lako la maziwa, mchukue na mkeo, mwende Mikumi kwa Verdiana kabla ya Jumamosi. Usitume ujumbe, usitume mtu. Liweke gita mezani, alione. Mwambie: shemeji, nimelijeruhi, na sababu yake ni hii. Atakasirika. Muache akasirike, usijitetee, ulipewa mbele ya ukoo na umevunja ahadi. Labda atalichukua gita, na hilo pia litakuwa halali yake. Fundi mzuri anaweza kurudisha freti, ingawa hatazifuta zile alama, na Verdiana ndiye atakayeamua kama anataka zirudishwe au libaki lilivyo.

Kuhusu sendofu, hutapiga wewe. Nimelichelewesha hili kwa sababu najua ndilo litakalokuuma kuliko yote. Kile kipande cha Anselmi kiko kichwani mwako na kwenye vidole vyako tu, na kipande kilichoko kwa mtu mmoja kinazikwa na mtu huyo. Verdiana akikubali, kaa na Kaelo, weka vidole vyako, yeye aangalie, umfundishe noti moja moja, mkono kwa mkono, kama ulivyofundishwa wewe. Sikio lake ni zima, yeye ataijua noti kama imekaa. Ulisema umeiua sauti ya rafiki yako. Hujaiua bado. Utaiua ukikimbilia nayo Malolo.

Siku yenyewe ikifika, vaa vizuri, uende. Kaa karibu na mlango, mbali na spika. Huenda usisikie Kaelo anapiga nini, na hilo litauma, sina dawa yake. Lakini Devota akiingia mtazame usoni, na akifika mbele yako mtazame midomo. Binti huyo hana baba, amekuamkia mara tatu akaondoka bila jibu. Gita sijui kama litapona, masikio sijui kama yatapona. Kumwitikia mtoto wa Anselmi marahaba bado unaweza, na umwitikie kwa sauti, mpaka ukumbi mzima usikie.

Mama Yusta